Sungura wa Karatasi na Sungura wa Bandani

(Mada iliyotolewa kwenye mkutano mkuu wa mwaka wa umoja wetu, kabla ya harambee)



Mimi ni binti yenu wa Masaki. Nikisema hivyo ofisini wenzangu hunitazama upya, wakidhani natoka kule kwa mabalozi, ufukweni. Huwa nawaambia, ndugu zangu, Masaki yangu ni ya Kisarawe, yenye korosho, mihogo na vumbi. Baba ni wa Masaki, mama mdogo wangu ameolewa Mlandizi, kwa hiyo wilaya zote hizi ni nyumbani. Kazi yangu ni uhasibu. Kwa miaka zaidi ya 15 nimekuwa nikikagua vitabu vya watu wengine. Leo kamati imeniomba niseme habari za ufugaji wa sungura kwa ajili ya nyama, na mimi nimeamua kukagua kitabu changu mwenyewe mbele yenu. Si kitabu cha kujivunia.

Mwaka 2018 nilihudhuria semina moja Dar es Salaam. Ukumbi mzuri, chai ya maziwa, maandazi, na kijana mwenye tai akiandika ubaoni. Aliandika hivi: jike mmoja anabeba mimba siku 31. Anazaa watoto wanane. Anazaa mara sita kwa mwaka. Ukiwa na majike kumi, hao ni watoto 480. Kila mmoja akifikisha kilo mbili na nusu, una kilo 1,200. Kampuni inanunua kilo moja ya sungura mzima kwa shilingi 8,000. Jumla, shilingi 9,600,000 kwa mwaka, na wewe umekaa nyumbani. Mkataba wa kununua upo, unasaini leo.

Mimi, mhasibu, nilikokotoa upya kwenye simu yangu. Hesabu ilikuwa sahihi. Nikasaini.

Nilinunua majike kumi na madume wawili kwa shilingi 60,000 kila mmoja. Nikalipa mafunzo, nikajenga banda la bati nyumbani kwa mama kule Masaki, nikanunua wavu na chakula cha kuanzia. Jumla ilinitoka 2,850,000, na humo ndani laki tisa zilikuwa za mama, fedha yake ya korosho. Mama aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, hao watu wakiacha kununua, tutamuuzia nani?" Nikamjibu kwamba kuna mkataba.

Walinunua mara mbili. Mara ya tatu walisema gari limeharibika. Mara ya nne simu haikupatikana, na mpaka leo haipatikani. Nilipokwenda ofisini kwao nilikuta mlango umefungwa, na mwenye nyumba naye anawatafuta kwa kodi yake. Nyumbani tulibaki na sungura 87 wanaokula asubuhi na jioni.

Nawaambieni haya kwa sababu yapo mambo mawili, na watu huyachanganya. Kuna sungura wa karatasi na kuna sungura wa bandani. Wa karatasi alinifilisi. Wa bandani bado yupo nyumbani kwa mama, na ndiye ninayetaka tumzungumze. Naomba mniruhusu nipitie zile tarakimu za ubaoni, moja baada ya nyingine, kama tunavyokagua hesabu.

Tarakimu ya kwanza: watoto wanane. Ni kweli sungura anaweza kuzaa wanane, hata kumi. Anaweza pia kuzaa watatu. Nasi tuliwahesabu waliozaliwa, wakati ambao wangestahili kuhesabiwa ni waliofikia kuliwa. Mtoto wa sungura anazaliwa uchi, kipofu, hajiwezi. Macho hufunguka karibu siku ya kumi. Kama siku ya 28 ya mimba hujamwekea mama yake kisanduku chenye nyasi kavu, atawazalia juu ya wavu, na asubuhi utawaokota wamekufa kwa baridi. Sisi tulipoteza uzao mzima hivyo. Uzao mwingine ulichukuliwa na siafu usiku mmoja. Mama alisikia kelele, alipofika na taa alikuta banda jeusi. Siku hizi miguu ya banda imesimama ndani ya makopo yenye oili chafu, na majivu yanamwagwa kuzunguka. Na kuna wale tuliowapoteza kwa kutojua: tuliona jike hakai na watoto wake, tukadhani amewakataa, tukaanza kuwashikashika. Kumbe ndivyo alivyo. Sungura hunyonyesha mara moja kwa siku, mara nyingi usiku au alfajiri, kwa dakika chache tu, kisha anaondoka. Ukikuta matumbo ya watoto yamejaa, waache.

Tarakimu ya pili: mara sita kwa mwaka. Hapa ndipo pwani yetu inapohusika. Sungura huyu wa kufugwa si yule wa porini tunayemsikia kwenye hadithi za bibi. Asili yake ni Hispania na nchi za jirani huko Ulaya, mahali pa baridi kuliko kwetu. Hatoki jasho kama sisi. Joto lake hulitoa kwa masikio na kwa kuhema. Joto likizidi nyuzi 30 anapunguza kula, na dume anaweza kupoteza nguvu ya uzazi kwa wiki kadhaa. Sasa fikirieni Januari na Februari, Masaki au Mlandizi, ndani ya banda la bati nililolijenga mimi msomi. Tulipandisha, tukapandisha, majike hawakushika mimba. Nilidhani nimeuziwa madume mabovu. Kosa lilikuwa la paa.

Mama ndiye aliyelihamisha banda chini ya mwembe na kuezeka makuti. Mchana wa jua kali anatundika gunia lililoloweshwa upande wa upepo. Leo jike wetu anazaa mara nne kwa mwaka, na tumeridhika. Anapumzika, watoto wananyonya hadi wiki ya tano au ya sita, ndipo wanaachishwa ziwa na mama yao anapelekwa tena kwa dume. Nanyi msisahau: jike ndiye anayepelekwa kwenye chumba cha dume. Ukimpeleka dume kwa jike, jike atalinda chumba chake na wanaweza kuumizana.

Tarakimu ya tatu: kilo mbili na nusu. Mnyama hanenepi kwa maandishi. Semina ilituuzia chakula cha mifuko, na mifuko ilipokwisha hatukujua tuwape nini. Tumejifunza polepole. Chakula kikuu cha sungura ni nyasi, tena zaidi zile kavu. Tumbo lake limeumbwa kwa nyuzinyuzi. Juu ya nyasi tunaongeza matembele, majani ya mahindi machanga, maganda ya viazi na pumba kidogo jioni. Majani mabichi hukatwa leo, yakanyauka kivulini, yakaliwa kesho. Yenye umande yanaleta tumbo kujaa gesi, na sungura aliyejaa gesi hamalizi siku. Kisamvu kibichi kina sumu, msimpe mpaka kikauke juani. Na maji! Jike anayenyonyesha wakati wa joto anaweza kunywa lita moja au zaidi kwa siku. Maji kutoka Ruvu yalifika Kisarawe mjini mwaka 2020, lakini vijijini bado wengi wetu ni kisima na ndoo. Mwenye kuanza na majike kumi ajiulize kwanza nani atabeba ndoo hizo. Kwangu alibeba mama, mwenye miaka 68. Kwenye kitabu changu kazi yake niliiandika sifuri.

Magonjwa yapo pia. Kuhara kwa watoto walioachishwa ziwa kunatokana sana na vimelea vya uchafu; dawa yake ya kwanza ni wavu unaopitisha kinyesi kikadondoka chini, na chombo cha chakula ambacho mnyama hawezi kukikalia. Upele wa masikio unauona kwa magamba ndani ya sikio na mnyama kutikisa kichwa. Muiteni bwana mifugo mapema. Msisubiri mpaka wanne wafe ndipo mumpigie simu.

Tarakimu ya nne, na hii ndiyo iliyotuangusha: shilingi 8,000. Ile haikuwa bei. Bei inapatikana pale mnunuzi mmoja akikataa unaenda kwa mwingine. Sisi tulikuwa na mnunuzi mmoja, ambaye ndiye huyohuyo aliyetuuzia mbegu. Alipata faida siku ile tuliponunua kwake; nyama yetu hakuihitaji. Wenzetu Wakenya walipitia hayo kwa kware mwaka 2013 na 2014. Kila mtu alifuga, mayai yakauzwa kwa bei ya ajabu kwa wale waliotaka kuanza kufuga, na wapya walipokwisha, bei ikaanguka na kware wakabaki bila mwenyewe. Mfugo unaouzwa kwa wafugaji wapya peke yao si mfugo, ni upatu wenye manyoya.

Sasa turudi kwa wale 87. Mwezi wa pili bila mnunuzi, mama alichoka kuningoja. Alimwita jirani yetu, mzee mmoja wa msikitini, akachinja watatu kwa bismillahi. Mama akapika kwa nazi, limau na pilipili kama anavyopika kuku wa kienyeji, akawaita wajukuu na majirani. Watoto waligoma mwanzoni, kwa sababu walikuwa wamewapa majina. Mama akaweka sheria ambayo iko mpaka leo: jina ni la wazazi wa bandani tu, wa mboga hapewi jina. Wakala, wakaomba tena.

Kuhusu halali na haramu, maana najua swali linakuja: masheikh wetu huku pwani, kwa madhehebu ya Shafii, wanaeleza kwamba sungura ni halali akichinjwa inavyotakiwa. Ndugu zetu Wasabato hawali, na wapo Waislamu wa Shia ambao hawali. Tuheshimiane. Mradi huu si wa kumlazimisha mtu sahani.

Jumapili ile nilikuwepo, na nilipomaliza kula nikachukua daftari langu kuandika. Sikupata mahali pa kuandika. Nilikuwa na safu ya mauzo, safu ya gharama, safu ya vifo. Safu ya kilicholiwa nyumbani haikuwepo. Watu kumi na mmoja walikuwa wamekula nyama wakashiba, na kwa hesabu yangu nilitakiwa niandike kwamba tumepata hasara ya sungura watatu. Tangu siku hiyo safu hiyo ipo, na ndiyo ya kwanza.

Tulipunguza mifugo polepole. Wengine tulikula, wengine tuligawa, wengine aliwachukua kijana wa mishkaki pale njiapanda, mmojammoja. Tukabaki na majike watatu na dume mmoja. Hesabu ya mwaka 2023, iliyoandikwa na mama na kukaguliwa na mimi, ni hii. Mizao 12. Watoto waliozaliwa 76. Waliofikia miezi minne, 58. Walioliwa nyumbani au kupewa ndugu na wagonjwa, 31. Waliouzwa, 27, kwa shilingi 15,000 kila mmoja, yaani 405,000. Gharama za pumba, chumvi, dawa na matengenezo ya banda, 190,000. Taslimu iliyobaki mkononi mwa mama ni 215,000. Sungura wetu mmoja akishachunwa anatoa nyama kilo moja na robo hivi, nikiweka 1.2 kwa tahadhari, wale 31 ni kilo 37. Kwa bei ya buchani tuliyokuwa tukilipa, 9,000 kwa kilo, ni shilingi 333,000. Ukijumlisha na taslimu, ni 548,000 kwa mwaka mzima.

Gawanya kwa miezi 12 unapata kama 45,000 kwa mwezi. Hakuna aliyejenga nyumba. Lakini zamani nyumba ile ilikuwa ikila nyama kwenye Idi, kwenye misiba na siku nikija mimi na mfuko. Mwaka ule walikula nyama karibu kila wiki mbili, kutoka kwa mnyama anayekula nyasi za uani, asiyehitaji jokofu kwa sababu ukimchinja anaisha siku hiyohiyo. Kinyesi chake kinakwenda moja kwa moja kwenye mchicha, na mchicha huo sijauingiza kwenye hesabu.

Ndugu zangu, hapa sina budi kusema jambo zito kidogo. Mwaka ule wa 2018 sikuingia peke yangu. Majirani wawili wa mama, mmoja mjane, walinunua sungura baada yangu. Hawakuhudhuria semina wala hawakuusoma mkataba. Walisema, "Kama binti wa fulani ambaye ni mhasibu ameweka hela, sisi ni nani?" Elimu yangu ndiyo iliyokuwa dhamana yao. Walipoteza, na hakuna hata mmoja aliyenilaumu kwa mdomo. Wananisalimia vizuri mpaka leo, na salamu zile ni nzito kuliko lawama. Sisi tuliosoma na kukaa mjini tukirudi nyumbani na wazo, hatuji na wazo peke yake, tunakuja na imani za watu. Ndiyo maana kamati iliponiomba niandae mradi huu, nilikubali kwa masharti, na masharti hayo yamo kwenye andiko mlilopewa.

Kwanza, umoja wetu hautasaini mkataba na mnunuzi yeyote anayetuuzia mbegu. Pili, kila kaya inaanza na majike wawili, si zaidi, na hairuhusiwi kuongeza mpaka mwaka uishe. Tatu, kila kaya inakubali kula. Anayetaka kuuza tu, tunamtakia heri, ila fedha hii si yake. Nne, kopa sungura, lipa sungura. Mnaujua utaratibu wa kopa ng'ombe, lipa ng'ombe ulioenezwa nchini na Heifer International. Kwetu kila kaya itarudisha majike wachanga watatu ndani ya mwaka, wapewe kaya inayofuata. Tano, dume mmoja atahudumia kaya tano na kila mwaka madume watabadilishana vikundi, ili asipande watoto wake mwenyewe.

Gharama ni hizi. Tunaanza na kaya 40: 20 za Kibaha na 20 za Kisarawe. Kila kaya: banda la mabanzi na wavu lenye paa la makuti, 120,000, majike wawili, 50,000, vyombo, chumvi na dawa ya kuanzia, 10,000. Ni 180,000, mara 40, ni 7,200,000. Madume wanane kwa 30,000 ni 240,000. Mafunzo ya siku mbili na nauli ya bwana mifugo kuzitembelea kaya, 560,000. Jumla, shilingi 8,000,000 kamili. Mtaona ni pungufu ya ile milioni tisa na laki sita niliyoahidiwa peke yangu ubaoni. Hapa ni fedha ya kutoka, na hatumwahidi mtu tajiri atakayetoka humo.

Mafunzo tunapendekeza yafanyike Kibaha. Wazee wanakumbuka kwamba Shirika la Elimu Kibaha lilianza mwaka 1963, kwa ushirikiano wa Tanganyika na nchi za Nordiki, na tangu siku za mwanzo lilikuwa na kituo cha kuwafundisha wakulima pamoja na shule na huduma za afya. Walijua kwamba ujinga, maradhi na umaskini haviondoki kimojakimoja. Si vibaya sisi watoto wa eneo hili tukarudi kwenye wazo hilo kwa jambo dogo kama sungura.

Tuanze Juni, joto likipungua, ili uzao wa kwanza usikutane na Februari. Kila robo mwaka nitaleta hesabu kwenye kundi letu, ikiwa na waliokufa na walioliwa. Mhesabu kila kitu. Mkiona robo mbili mfululizo vifo vinazidi nusu ya waliozaliwa, tusimamishe tujiulize, tusiendelee kwa aibu.

Harambee inakuja baada yangu, na sitaki kuwachosha. Natangaza mchango wangu. Nitalipia kaya mbili, shilingi 360,000, na kaya hizo ni za wale majirani wawili. Niliwaendea mwezi uliopita kuwauliza kama watakubali. Mmoja alikubali palepale. Yule mjane alikaa kimya, halafu akauliza swali lilelile la mama: "Na safari hii tutamuuzia nani?"

Nikamjibu, "Kwanza tutakula, shangazi. Atakayebaki tutamtafutia mteja pale njiapanda."

Akasema, "Hapo sawa. Lete."